Mama Chambua: Maisha ya Marehemu Chantal Irakoze (1963–2025)

Tunayemlaza leo hapa Kibondo alizaliwa Munanila tarehe 2 Februari 1963, mtoto wa tatu wa Mzee Nsabimana na Mama Nsimire. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mwaka ule mvua haikukatika, mahindi yakaota ukungu darini, yakaliwa hivyo hivyo. Wadogo wawili waliomfuata Chantal hawakufikisha miaka miwili.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1977, akasomea uhudumu wa afya ya mama na mtoto mjini Kigoma, akahitimu Novemba 1983. Tarehe 15 Agosti 1987 alifunga ndoa Kasulu na Bwana Sylvesta Nkunzimana, fundi seremala, wakahamia Kibondo. Walijaliwa watoto watatu.

Alihudumu katika zahanati moja ya kijiji kwa miaka thelathini na miwili. Mwaka 2010 alihudhuria semina ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ambayo haionekani, haina harufu, wala haiishi kwa kuchemshwa. Hudumaza watoto wachanga na kuharibu ini. Tangu siku hiyo hakuwa na somo jingine. Kila Jumanne, watoto wakipimwa uzito, alitandika turubai, akashika ungo, akawaonyesha kina mama punje za kutupa: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa. Wakamwita Mama Chambua. Kwenye harusi ya mwanawe Athanase aliwekewa sahani ya karanga. Walipomgeukia, ameshazitenga mafungu mawili. Nsengimana, mdogo wa mumewe, akamwambia, "Shemeji, hapa ni harusini, si kliniki." Alicheka, akaendelea kuchambua.

Machi 2019 mtoto wa Mwanaamina, mama aliyelishika somo la Jumanne kuliko wote, aligoma kuongezeka uzito. Miezi minne, kilo saba zile zile. Marehemu alimfuata nyumbani. Akakuta mahindi safi, yamekauka vizuri, yamepangwa kwenye magunia tayari kwa mnunuzi.

"Na mabovu unayapeleka wapi?" aliuliza.

"Nayauza, mama. Kuna bwana anapita na pikipiki, anasema ni ya kuku."

"Mtoto anakunywa uji gani?"

"Wa pakiti. Si ulituambia apate wa mchanganyiko?"

Kesho yake alimfuata yule bwana mpaka kwenye mashine ya kusaga. Pale aliyaona mabovu ya kijiji kizima yakikaangwa, yakichanganywa na soya, yakifungwa kwenye pakiti zenye picha ya mtoto mnene. Hakuna kuku aliyekuwa akingojea.

Jioni alimwambia mumewe maneno ambayo Mzee Sylvesta ameomba yasomwe hapa: "Zamani sumu ilikuwa inagawanyika nyumba nzima, kila mtu kidogo. Mimi nimewafundisha kuikusanya, ikaenda yote kwa watoto."

Aliripoti. Sampuli zilichukuliwa, majibu yalirudi baada ya miezi saba, unga ulishaliwa, na pakiti zilishabadilishwa jina. Akaanza kuwaambia kina mama wayafukie mabovu. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, nao walimtazama kwa huruma. Mama mkwe mmoja alimuuliza kama vitabu vyake vinajua kwamba kufukia chakula ni kumtukana Mungu. Mtoto wa Mwanaamina alifariki Januari 2020. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichomuua, na marehemu hakudai kukijua. Aliendelea na somo lake mpaka alipostaafu mwaka 2023, ila ungo aliuacha nyumbani.

Agosti 2024 tumbo lake lilianza kujaa maji. Alilazwa Kasulu, kisha akapelekwa Mwanza, ikaonekana ni saratani ya ini, nayo imekwenda mbali. Alimuuliza daktari kama imetokana na chakula. Daktari, kwa upole, alisema hilo haliwezi kujulikana tena. Alirudishwa nyumbani, akafariki Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Mzee Sylvesta. Watoto watatu, Athanase, Providence na Trésor. Wajukuu watano, wa mwisho akiwa na miezi minane. Ameacha pia watoto wa kila Jumanne, ambao hatuna hesabu yao. Pakiti zile bado zinauzwa kibandani, ng'ambo ya barabara.

Mungu ampe Chantal pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.