Kisiki Kilichokataa Kufunikwa

Wasikilizaji wapendwa, mchoraji tuliyemjua kwa jina la utani, Kisiki, ametutoka. Jina hilo alipewa na wakubwa kwa dhihaka. Yeye akalivaa kama joho.

Baraza la mji lilimwagiza achore mandhari ya barabara kuu, itundikwe ukumbini mwake. Miti ya barabara ile ilikwisha kukatwa, kwa amri ya baraza lilo hilo. Walitaka ichorwe kana kwamba ingali imesimama. Katika sanaa ya mandhari, mti wenye kivuli husomwa kuwa ni neema na utawala mwema. Somo hilo alilijua barabara. Ndiyo maana akachora visiki. Kimoja akakiweka mbele kabisa, kipana kama meza.

"Bwana mchoraji," mwenyekiti alifoka, "mgeni akiingia humu aone makaburi?"

"Aone kazi yenu, mheshimiwa."

"Kivishe majani!"

"Aliyekivua ndiye akivishe."

Alikataa, wasikilizaji. Alikataa mbele ya baraza zima.

Akaitwa mchoraji mwingine, akakifunika kisiki kwa kichaka kibichi. Hawakujua jambo moja. Kisiki hakupaka rangi kwa brashi. Aliibandika kwa kisu, tabaka juu ya tabaka, kama mwashi apigaye lipu. Siku ya uzinduzi taa ziliwashwa, na miviringo yote ya kisiki ikatokeza chini ya majani.

"Kichaka kimeota makovu!" mtu akapaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko.

Dada yake anatuambia: "Kaka ndivyo alivyozaliwa. Ukimwambia sogea, anakaa. Ukimwambia kaa, anauliza kwa nini."

Mwaka huu, Kisiki akiwa hoi kitandani, mwenyekiti alimjia na kalamu. Alimtaka akubali kutia sahihi kwamba majani yale aliyachora yeye, naye atazikwa kwa heshima zote za mji. Kisiki alimfikiria mkewe, atakayebaki peke yake kati ya watu hao. Akamgeukia.

"Mama watoto, wasemaje?"

"Mkono ni wako, baba watoto. Ila ukitia sahihi, usinishike nao tena."

Akacheka mpaka akakohoa. Kalamu akairudisha.

Jana alizikwa bila bendera, bila hotuba. Mkewe alisimama wima mwanzo hadi mwisho.

Tunawapa pole mjane, watoto na dada. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, ukumbi ule uko wazi kwa kila raia. Ingieni. Msiishie kuyatazama majani; yapapaseni kwa viganja vyenu. Kisha kila mmoja ajiulize: nikifunikwa mimi, kitatokeza nini?