Virusi Haina Miguu

Pale mtaani Murara, mlango wa zamani uliolazwa juu ya mawe ya volkano ndio benchi, na kahawa anayouza Vanessa ndiyo inayowaketisha watu. Valentin, aliyebatizwa Formule, alikuwa na licence, digrii ya chuo, ya hesabu na hasira ya kugawia avenue nzima. Asubuhi hiyo, ajabu, alikuwa na mteja. Havugimana, taximan aitwaye Météo kwa kusingizia hewa kila kitu, alileta swali la mama yake, mkulima wa Kibumba: nyanya za majirani zinapata madoa na kujikunja majani, zake bado. Afanye nini?

— Ni vumbi ya volkano, Météo alisema.

— Vumbi inachagua shamba, bwana? Formule aliuliza.

— Basi ni antenna, alidakia Douane, ambaye kazi yake ni kujaza makaratasi ya ushuru wa mizigo mpakani. Réseau ya simu inachoma majani. Satellite nayo inamalizia usiku.

— Weye, hata satellite ungeitoza taxe. Formule alichora maduara chini kwa kaa lililozimika. Hiyo ni virusi, na virusi haina miguu. Inabebwa. Kila duara ni shamba. Nipe barabara, nitakupa siku ya kufika. Iliingia kwa nani mbele ya wote?

— Kwa Mukabalisa. Halafu Igihozo. Halafu pasteur.

— Wanapakana?

— Hapana. Pasteur iko kule ngambo ya kilima.

Formule aliacha kukunja uso. Alitaka kujua, kama zamani chuoni, auditoire, ukumbi wa masomo, ikiwa kimya.

— Na salongo, mukisaidiana shamba kwa shamba, inapita wapi?

— Mukabalisa, Igihozo, pasteur... Météo aliweka kikombe chini. Kesho ni kwetu.

— Wanapunguza matawi na nini?

— Na kucha. Vidole vinabaki kijani.

— Voilà. Utomvu ule ndio teksi yake. Wanawe mikono na sabuni kwanza, ama wasiguse kitu.

Mama Nyiramahirwe, mamake Météo, aliyeteremka kutoka Kibumba kufuata jibu lake mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma yao tangu maduara yalipochorwa.

— Karibu, mama, Formule alisema. Umesikia?

— Nimesikia, mutoto wangu. Hesabu yako naiamini. Alitazama mikono yake. Lakini mikono ile ya salongo ndiyo ilimuosha binti yangu Bénita, siku tunamuzika. Nitaiambia inawe, kama mikono michafu, mbele ya kugusa nyanya. Nianze na neno gani?

Météo, kaka wa Bénita, aliinamisha kichwa. Formule aliweka kaa chini. Douane alisogea, mama apate pa kukaa.