Adalbert Kapya na Gari Lililobeba Kartiye

Marehemu Adalbert Kapya alizaliwa Kongolo tarehe 12 Mei 1915, mtoto wa fundi wa reli. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la sita, akaacha shule baba yake alipofariki. Mwaka 1933 alikuja Elisabethville, akajifunza ufundi katika karakana ya malori, na humo alidumu hadi ilipofungwa mwaka 1960. Tarehe 4 Juni 1938 alifunga ndoa na Edith Mwape.

Gari lake, sedani kubwa ya Kimarekani ya mwaka 1947, wengi hapa Kenya, kartiye yetu, mtaa huu wa Elisabethville, wamelipanda. Lilipeleka maharusi kanisani, wagonjwa hospitalini, maiti makaburini. Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu alipima mafuta ya injini, akajaza maji kwenye rejeta iliyokuwa ikivuja, akakanyaga breki. Breki zikizama hakuondoka, hata bwana harusi alie. Na kila jioni alitoa rota, kile kipande kidogo kinachogawa umeme kwenye bujia, plagi za injini. Bila hicho injini haiwaki.

Jirani yake Antoine alikuwa akimcheka: "Papa Kapya, kizee ile nani ataiiba? Hata mwizi iko na macho!"

"Macho iko nayo," alijibu akigonga mfuko wenye rota. "Hii haiko nayo."

Desemba iliyopita, wakati wa mapigano, rota alimkabidhi mkewe kila jioni, naye akaifukia kwenye unga wa bukari, ugali wetu. Alimwambia: "Mama, hata baniue, usiitoe. Gari iko ya bagonjwa." Alfajiri ya tarehe 14 watu wenye bunduki walikuja kulichukua gari. Likakataa kuwaka. Nyumba ya pili jirani yetu Wivine alikuwa katika uchungu wa kuzaa, na gari jingine halikuwepo.

"Muzee, kitu ya gari iko wapi?"

"Sina."

Walimpiga mbavuni kwa vitako vya bunduki. Mama Edith alisimama kando ya unga, mdomo wazi. Marehemu, akiwa chini, alimtikisia kichwa. Mama akaiacha rota ungani. Watu wale walipochoka walikwenda zao.

Ndipo akainuka, akarudisha rota, akampakia Wivine. Njiani rejeta ilichemka, akasimama, risasi zikisikika.

"Papa, twende! Nakufa!"

"Tukiunguza injini tutafia hapa bote. Pumua, mutoto yangu."

Alingoja ipoe, akaongeza maji, akamfikisha hospitalini. Mtoto alizaliwa mzima.

Marehemu mwenyewe hakupona. Mbavu zilikuwa zimetoboa pafu, akakohoa damu, na tarehe 3 Januari 1962 akafariki nyumbani.

Wapo wanaonong'ona kwamba Mama Edith alimuuza mumewe kwa kipande cha chuma. Baadhi yao gari hilo ndilo lililowapeleka kufunga ndoa. Waone haya. Alitii neno alilopewa, na kutii kulimgharimu zaidi kuliko kulia.

Ameacha mjane, watoto Donat wa Kipushi, Martine na Claudine, na wajukuu wanne. Mtoto wa Wivine ameitwa Adalbert.

Leo asubuhi Mama Edith alijaza maji, akarudisha rota kwa mkono wake, na Donat akamleta baba yake hapa kwa mazishi. Jioni Mama ataitoa tena, aifukie kwenye unga. Mwenye mgonjwa agonge mlango.

Bwana amlaze mtumishi wake mahali pasipo kipigo.