Lita Tatu za Bi Mizani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtafiti wa mifugo ambaye wengi wenu mlimwita Bi Mizani. Alifariki Jumatatu, akiwa na miaka sitini na moja. Jina hilo alilipata mazizini. Maziwa aliyapima mwenyewe, ndoo baada ya ndoo. Mkamuaji akisema hapo ni kama lita sita, alimjibu kwamba "kama" haipandi kwenye mizani. Tulimtania sana kwa hilo.

Miaka tisa iliyopita, Bi Mizani alitoa habari kwamba ng'ombe mwenye alama fulani ya vinasaba, yaani aliyoirithi kwa wazazi wake, hutoa lita tatu zaidi kwa siku. Lita tatu! Nilizitangaza mimi, kwa mbwembwe zote. Wafugaji wakapimisha ng'ombe wao, na wasio na alama wakaishia buchani. Mdogo wake wa kiume alipeleka watano.

Kumbe hesabu ilikuwa na kasoro. Bi Mizani alilinganisha alama mia mbili kwa ng'ombe sitini, akachukua iliyoongoza. Kisha akakadiria nguvu yake kwa ng'ombe walewale sitini. Kati ya alama nyingi hivyo, iliyoongoza ilikuwa imebebwa na bahati pia, na bahati akaihesabu kuwa urithi. Aligundua mwenyewe, hakuna aliyemshika. Akapima upya, ng'ombe wengine mia nne. Akapata nusu lita. Narudia: si lita tatu, ni nusu lita.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mdogo wake ameniambia hivi: "Nilimwambia, dada, yaache, watu wameshasahau. Akanijibu, wako umeshawachinja, wa jirani bado wapo zizini."

Alipotaka kutangaza sahihisho, ofisini kwake walisema atawachanganya wafugaji. Akaja hapa studio na karatasi yake. Nami nikamwambia hesabu hizo zitawachosha wasikilizaji, arudi mwezi ujao. Alirudi mara tatu. Mara ya mwisho alipanda ngazi akikohoa, akaketi mapokezi, nikatuma mtu aseme nina kikao. Sikuwa na kikao. Naona aibu kulisema, lakini nalisema.

Kwa mume wake, watoto wake na mdogo wake, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi wengine tujiulize ni maneno gani tuliwapa watu, wakayaamini, na hatujarudi kuyapima.

Wiki iliyopita mfugaji mmoja alinipigia simu. Ana ng'ombe wanane wasio na alama, na gari la kuwabeba linakuja leo. Namtafuta tangu asubuhi, hapatikani. Bwana, kama umewasha redio, usiwapakie.