Kefa na Nguchiro wa Kichuguuni

Sikutaka kusoma wasifu huu wa marehemu mimi, wajukuu wenye digrii wamejaa hapa na miwani yao, lakini eti wanalia, basi bibi wa darasa la pili ndiye asimame juani, haya, tulieni.

Marehemu mdogo wangu Kefa Chidawali alizaliwa hapa Zuzu tarehe 14 Agosti 1957, akasoma hapahapa hadi darasa la saba, akaenda sekondari na chuo cha ualimu, na kuanzia Januari 1981 mpaka alipostaafu mwaka 2017 alifundisha biolojia Chamwino. Tarehe 6 Oktoba 1984 alimuoa Hilda, wakawapata Luka na Anna.

Huko Chamwino, kwenye kichuguu nyuma ya darasa, aliwaona nguchiro, mmoja amesimama juu na njaa yake anaangalia mwewe asije, wenzake wanakula, kisha wanapokezana, akawafundisha watoto wenu kwamba hao hawakusomewa amri kumi na mtu, ila koo zisizolindana ziliishia tumboni mwa mwewe, zilizolindana zikazaa, kizazi kwa kizazi, mpaka kulindana kukaingia kwenye damu.

Jirani yetu Filipo akatangaza kila nyumba kwamba mwalimu kamtoa Mungu kamweka nguchiro, siku akifa kanisa lisimzike. Nasema mbele ya mchungaji, ambaye amekuja na kanzu yake mnaiona, Kefa alisali mpaka mwisho, alichouliza ni nani kawaambia Mungu ana haraka. Na Filipo hakuumizwa na Mungu, aliumizwa na mbuzi, maana hapa tunaunganisha mbuzi tunachunga kwa zamu, mbuzi wake wanakwenda kila siku, zamu yake ikifika mgongo unamuuma, Kefa akamwambia kikaoni kwamba hata nguchiro angeona haya, watu wakacheka, naye hakusamehe.

Kefa aliugua figo kuanzia Novemba 2024, akafariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025 hospitalini Dodoma.

Tunawashukuru madaktari, walimu wenzake, na majirani mliochimba kaburi bila kuitwa, nguchiro wangu ninyi. Tunawashukuru pia wazee wa kitongoji, ambao jana walimwambia Filipo atoe mbuzi wake kundini au alipe zamu zote alizokwepa.

Wewe Kefa zamu yako umeimaliza, lala, na Filipo usimtafute humu msibani, yuko porini tangu alfajiri na mbuzi wa kitongoji kizima, wa kwako wakiwemo.