Vinasaba vya Miembe ya Ilagala

Mwakeye, akina mama. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyosimama tena baada ya kitalu changu kuharibiwa. Nitaeleza, ila msitegemee kusikia kwamba nimesamehe.

Mnajua nilikuwa nabebesha miche ya miembe hapa Mwandiga. Vikonyo, vile vijiti vya kuunga juu ya mche, nilivikata kwenye mwembe wangu mmoja, wa maembe makubwa yasiyo na nyuzi. Miche ya wakulima wa Ilagala aliisafirisha mwanamume mmoja mwenye gari. Simtaji. Alikuwa akila kwangu, akiniita dada.

Miembe ilipozaa, ikatoa vijiembe vichachu vyenye nyuzi tupu. Wakulima wakanijia wamejaa kwenye gari lake yeye mwenyewe. Walichana viriba, wakakanyaga miche, wakaniita tapeli mbele ya wanangu. Yeye akasimama barabarani na kusema, "Dada, hata mimi umeniaibisha."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale nililala nayo na kuamka nayo. Nikaenda kuuza dagaa Kibirizi, ambako hakuna aliyenijua. Niliomba Mungu, ndiyo, lakini nilichoomba ni kumwona mtu yule ameinamisha kichwa.

Ndipo afisa kilimo akaniambia kuna binti mtafiti anayekusanya majani ya miembe ili kutambua aina zake kwa vinasaba. Nikamfuata, nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "mti uliobebeshwa, matawi yake yana vinasaba vilevile vya mti kilikokatwa kikonyo. Tupime."

Akachukua majani ya mwembe wangu na ya mashamba ya Ilagala. Nikamwomba apitie pia mwembe ulio nyuma ya nyumba ya yule bwana. Mwenyewe alimkaribisha, akamvunjia tawi kwa mkono wake.

Majibu yalipotoka maabara, binti alitaka kunisomea ofisini. Nikakataa. Nikasema yasomwe Ilagala, mbele ya walionitukana. Gari la kutupeleka nilikodi lake.

Akasoma. Hakuna hata mwembe mmoja wa Ilagala uliotoka kwenye mti wangu. Yote ilitoka kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba yake. Miche yangu alikuwa ameiuza kwingine, akabebesha ya kwake na kuwapa watu kwa jina langu.

Yule bwana akanisogelea, kichwa chini. "Dada, haya si tungeyamaliza nyumbani?"

"Wewe ulinimaliza barabarani," nikamjibu.

Asanteni ninyi mliokuja kunijazia udongo kwenye viriba vipya. Asante afisa, asante binti yule. Ukisingiziwa, usijichoshe kwa kulia na kuapa. Tafuta kitu kinachopimika, ukipeleke mbele ya walewale waliokutukana.

Kitalu kipya nimekiweka ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake. Mchungaji anasema nina moyo mgumu, na mimi sibishi. Kila asubuhi bwana yule akifungua mlango ananikuta namwagilia. Huwa namsalimia kwa jina lake kamili, kwa sauti, wateja wangu wasikie.