Jina Nililoandika Juu ya Barua

Akina mama, hata kusimama hapa mbele yenu naogopa, na ni ninyi tu. Sasa fikirieni siku ile.

Saluni niliyofanyia kazi Kenyatta Market ilifungwa, nikakaa mwaka na nusu bila kazi. Nilipeleka barua za maombi kila mahali, na juu ya kila moja nilikuwa nimeandika tu "Kwa Mhusika." Hakuna aliyejibu. Binti yangu aliacha hata kuniuliza kama nimepata kitu, na hilo liliniogopesha kuliko njaa.

Halafu jirani mmoja hapa Kinoo akaniambia, "Wewe, Nairobi ni kujuana. Kuna kampuni huko mjini inatafuta mtu wa mapokezi. Andika jina la mkubwa wa pale, useme umetumwa na mtu wa kwao." Akanitajia jina. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, huyo mkubwa sikumjua hata kwa sura. Nikaandika, nikapeleka mwenyewe, nikamwachia soja wa getini.

Baada ya siku tatu nikapigiwa simu, nije kesho asubuhi. Nilifurahi kama mjinga.

Kufika, nikamkuta mama mmoja ofisini peke yake, barua yangu iko mezani. Hakunisalimia.

"Huyu uliyemwandikia tulimfuta kazi mwezi uliopita," akasema, "kwa kuajiri watu wa kwao. Wewe ni nani wake?"

Nikaona mkono wake uko kwenye simu, nikajua anaita polisi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, niseme ni shemeji wa mbali. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Swali la pili lingenimaliza. Nikaanza kulia.

"Si mtu wangu, madam. Simjui. Niliogopa barua isiyo na jina haitasomwa."

Akaichukua barua yangu, akaisoma tena.

"Na kwa nini hukupiga simu hapa ukauliza?"

"Niliogopa pia."

Akanisukumia karatasi na biro. "Andika upya."

Nikashika biro, nikakwama pale pale juu. Ilibidi niulize. "Samahani, madam. Wewe unaitwa nani?"

Akanitajia, nikaandika.

Asanteni ninyi mliokaa na binti yangu nikizunguka, na mliofunga na kuomba. Hata yule jirani, namshukuru, alinitakia mema. Kuuliza si ujinga, akina mama. Siku hizi mtu akipiga pale ofisini kuuliza barua yake amwandikie nani, mimi ndiye hushika simu. Wengine wanatetemeka, nawasikia. Kila mmoja namtajia jina polepole, nangoja mpaka amalize kuandika.